Koti la Seramiki

Mzee alikuwa mtunza ghala maisha yake yote ya kazi, na hata alipostaafu ghala halikumtoka. Sofa nyumbani lilikuwa bado na nailoni ya dukani. Sahani nzuri zilisubiri wageni ambao hata hawajazaliwa. Kwa hiyo waliponunua gari-nyumba, lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani, mkewe, fundi cherehani asiyejua kukaa kimya, angepaswa kujua yatakayofuata. Badala yake alishona mapazia, akampigia simu dada yake mkubwa aliyekaa mbali, ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka: "Tunakuja, dada!" Mwaka ukapita, gari likiwa uani chini ya turubai.

"Akiba haiozi," mzee alisema kila alipoulizwa.

"Haiozi, lakini sisi tunaoza, baba watoto!"

Sasa kisingizio kilikuwa rangi. Changarawe zingeikwaruza, jua lingeifubaza. Hatoki mtu mpaka gari lipakwe seramiki. Wakalipeleka kwa fundi wa rangi, binti mchangamfu mwenye aproni iliyojaa mifuko.

"Ni dawa, mama," fundi alieleza. "Inapakwa juu ya rangi, ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Vumbi halikai."

Akataja bei. Mama akaketi kwenye ndoo iliyokuwa karibu bila kukaribishwa.

"Kwa bei hiyo si ungetupaka na sisi wenyewe?"

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Hili si gari dogo, alisema, lina kuta kama nyumba. Tena kabla ya dawa kuna kuosha, kusugua, kuondoa mikwaruzo kidogo kidogo mpaka kule juu. "Dawa si kitu, mama. Mnalipia mkono."

Hapo mama akakubali kwa kichwa, maana naye wateja walimwuliza kila siku kwa nini gauni linazidi bei ya kitambaa. Shida ni kwamba fedha zile zilikuwa za mafuta ya safari.

"Likishapakwa, huna kisingizio kingine?" alimwuliza mumewe.

"Sina."

"Apa."

Mzee akaapa, huku anatazama pembeni.

Kazi ilipokwisha, mama aliweza kufunga kilemba chake akijitazama mlangoni mwa gari. Mzee alilizunguka kwa kunyata, kana kwamba limelala. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa akitazama mawingu.

"Baba, mna banda la kuliegesha? Siku mbili lisiguse maji. Likilowa sasa litabaki na madoa. Na turubai msithubutu, litakwangua dawa mbichi."

Banda hawakuwa nalo. La fundi lilikuwa limeshaahidiwa lori lililokuwa likipiga honi getini. Mawingu meusi yalikuwa yametanda upande wa nyumbani, lakini upande wa pili, kwenye barabara ya kwenda kwa dada, anga ilikuwa nyeupe kabisa. Mama alifurahi mpaka akaona aibu.

"Mzee, washa gari."

"Twende wapi?"

"Kusiko na mvua!"

Mwanzoni mzee aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kisha akaliona wingu kwenye kioo, linawafuata, akakanyaga mafuta. Walipovuka kilima cha kwanza alianza kupiga mluzi, jambo ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu uchumba.

"Mafuta ya kurudi hatuna," alimkumbusha.

"Nani kakwambia nina haraka ya kurudi?"

Mama akageuka kumtazama, ahakikishe ni yuleyule.

Jioni dada mkubwa alitoka mbio, peku, mikono ina unga, wakakumbatiana getini, wanalia na kucheka kwa pamoja. Ndipo tone la kwanza likamwangukia mama kwenye paji. Wingu lilikuwa limewafikia. Alimjua mumewe: sasa hivi angegeuza gari kutafuta banda, na safari yote ingeishia kulinda rangi.

Mzee akazima injini. Akashuka, akasimama kwenye manyunyu, anawatazama wale ndugu wawili, anatabasamu.

"Shemeji!" dada akapiga kelele. "Gari lako linalowa!"

"Na mimi nalowa, shemeji. Utatukaribisha ndani, au mpaka tukauke?"