Pancha ya Boti la Shemeji

Kaka wa mke wangu tunamwita Kamanda, kwa sababu hawezi hata kwenda kunyoa bila kuchora ramani. Jumamosi asubuhi aliingia karakana yangu ya pancha na boti la mpira la mtumba begani, karatasi ya manila kwapani, na habari kwamba mwezi ujao tunateremka ule mto wa milimani, unaonguruma kama mashine ya kupasua mbao.

"Shemeji, utakaa mbele," aliniambia. "Wewe ndiye samaki wetu."

Usamaki huo niliutangaza mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, nilipokuwa natafuta mke kwao. Ukweli ni kwamba maji yakinipita magoti naanza kutubu dhambi.

"Kwanza tuangalie kama linavuja," alisema.

Tukalijaza upepo kwa kompresa humo humo ndani. Likavimba, likavimba, mpaka likaziba mlango, tukabaki ndani kama kuku kwenye tenga. Kamanda na ramani zake zote hakupima mlango. Mimi niliyeujenga sikuukumbuka.

Nikapaka maji ya sabuni. Chini ya kiti cha mbele povu likachemka. Tundu dogo, kama kichwa cha pini. Hapo shetani akanikalia begani: nikisema boti limekufa, nani atabisha? Fundi ni mimi.

"Kamanda," nikasema kwa sauti ya msibani, "hili halitengenezeki."

Juu ya boti, kwa nje, kikachomoza kichwa cha dereva wa lori la mchanga, aliyekuwa akisubiri tairi lake.

"Fundi! Umeshindwa na pancha?"

"Nani kashindwa?"

"Si nimekusikia! Basi nipe tairi langu nipeleke kwa jirani yako."

Jirani yangu! Yule anayebandika viraka kama stempu! Damu ikanipanda. Nikatoa upepo, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka na kukigonga mpaka kikashika. Tukalijaza tena, humo humo ndani, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye kiraka. Nikapaka sabuni. Hakuna hata povu moja.

"Umeona?" nikamwambia dereva. "Hicho miaka ishirini hakibanduki."

"Safi sana," Kamanda akasema, akatoa kalamu. "Basi shemeji, mbele."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya kwa mikono yangu. Nikatazama mlango. Umezibwa tena.

"Kamanda," nikasema. "Sijui kuogelea."

Dereva akacheka mpaka kichwa chake kikapotea nyuma ya boti. Kamanda hakucheka. Alikunjua pembe ya manila aliyokuwa ameificha, nikasoma: *Shemeji, katikati. Jaketi kubwa la kuelea. Hajui kuogelea.*

"Dada aliniambia zamani," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Usingesema, ningekuacha nyumbani. Kule majini sibebi mtu anayenidanganya."

"Na sasa nimesema."

"Sasa ni bwawani, kila Jumanne saa kumi jioni. Utajifunza na watoto wa darasa la pili. Nimeshakuandikisha."

"Darasa la pili, Kamanda? Mimi na kitambi hiki?"

"La kwanza limejaa."