Hofu ya Kisu

Watu walimwita Twiga kwa sababu alipaka rangi dari za watu bila kuhitaji ngazi. Kistuli kifupi kilimtosha. Na ni kistuli hicho kilichomwangusha, mchana kweupe, katika ukumbi mtupu unaonuka rangi mbichi. Wala hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza tu, mguu ukapinda, akasikia kitu kikilia ndani kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Mkewe, mshonaji, aliacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, akakimbilia hospitali. Alimkuta Twiga ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yamemtoka pima. Mguu ulikuwa umevimba si haba, lakini sio uliomtisha mke. Kilichomtisha ni jinsi mumewe alivyokuwa akiutazama mlango, kama mbuzi aliyesikia kisu kikinolewa.

"Wakinipasua siamki," Twiga alimnong'oneza. "Baba alilala juu ya meza yao, hakuamka. Unajua."

Mke alijua. Akamshika mkono.

Daktari wa mifupa, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Mfupa wa upande wa nje wa kifundo umepata ufa, alisema, ila haujahama, na kiungo kimekaa mahali pake. Mvunjiko uliotulia hivi hauhitaji upasuaji. Twiga angevaa buti la tiba, atumie magongo, na akanyage kadiri maumivu yatakavyomruhusu. Akikaa auinue mguu na kuuwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Akipata nafuu, awe analivua buti na kukichezesha kifundo. Kisha arudi apigwe picha nyingine, ionekane kama mfupa haujasogea.

"Na ukisogea?" Twiga aliuliza.

"Hapo tutazungumza upya. Huenda tukalazimika kupasua. Ila ni nadra."

Daktari aliendelea: asilale tu kutwa kucha, maana damu isiyotembezwa huweza kuganda mguuni; akiona shavu la mguu limevimba na kuuma, au pumzi imekuwa fupi, aje mbio. Mke alisikia kila neno. Twiga alikuwa amebaki kule nyuma, kwenye neno moja: kupasua.

Nyumbani alijilaza kwenye kochi, mguu juu ya mito, akatulia kama kuku anayeatamia. Magongo yaliegemezwa ukutani na hapo yakabaki. Buti hakulivua. Hata maji alikunywa kwa kuyabania, asije akahitaji kwenda msalani.

"Daktari alisema ukanyage, baba watoto," mke alimwambia.

"Daktari hana mguu huu. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake."

"Kunguru huyo alikimbia. Wewe umelala."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko kilikatika upesi. Watoto walikwisha fukuzwa sebuleni wasije wakamgusa. Twiga, aliyezoea kupiga mluzi tangu anaamka, sasa alizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba mfupa unamsikiliza. Mke akipita karibu na kochi, alimwinulia kiganja: taratibu. Nyumba nzima ikawa inanyata.

Kisha akaanza kulalamika kuwa buti linambana nyuma, kwenye shavu la mguu. Mke alitaka kulivua atazame. Twiga akakataa katakata.

"Ukilivua, mfupa utasogea."

"Basi twende kwa daktari."

"Kufanya nini? Kunikabidhi kwenye kisu?"

Alasiri moja akaingia mdogo wake Twiga, mchua misuli wa timu ya mpira, mtu wa maneno mengi na roho nyeupe.

"Kaka, umegeuka godoro!" alisema, akichomoa chupa ya mafuta mfukoni. "Hiyo ni misuli imekaza kwa kulala. Nipe mguu nikuchue, kesho unacheza namba tisa."

Twiga alifikiri. Kuchua si kupasua. Akakubali.

Mke, aliyekuwa ameinamia cherehani, alisikia mikanda ya buti ikibanduliwa. Akageuka. Mguu ule aliuona kwa mara ya kwanza tangu walipotoka hospitali. Shavu lake lilikuwa nene kuliko la mguu mzima, limewiva wekundu, ngozi inang'aa. Shemeji alikuwa ameshapaka mafuta viganjani, anavisugua vipate joto.

Mke aliinuka hata kiti kikaanguka.

"Shemeji, usiuguse!"

"Kwani vipi, shemeji? Hii ndiyo kazi yangu."

"Najua. Usiuguse." Akaweka mgongo wa mkono juu ya ngozi. Ilikuwa moto kama pasi iliyoachwa kwenye umeme. "Damu imeganda humu. Daktari alituambia."

"Muache bwana," Twiga alisema, "ananisaidia tu, mimi..."

Sentensi haikufika mwisho. Aliikatiza katikati ili avute hewa. Akajaribu tena, akakwama palepale.

"Tangu lini unahema hivyo?"

"Asubuhi." Akamshika mkewe gauni. "Usiwaambie. Watanipasua."

Shemeji alitazama viganja vyake vinavyometa, akavifuta kwenye suruali, akatoka mbio kutafuta teksi.

Hospitalini walisema damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kimeshakatika kikasafiri hadi pafuni; mguu ungechuliwa, vingine vingefuata. Walimwekea hewa ya oksijeni, wakamdunga dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Kisu hakikutajwa. Kwenye benchi la nje shemeji aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kauka zamani.

"Ningemuua kaka yangu," alisema. "Kwa mikono hii."

"Hukumgusa," mke alimjibu. Lakini alijua ilibaki kidogo tu.

Twiga alipona. Alipopigwa picha nyingine, mfupa ulikuwa palepale, umeanza kuunga vizuri. "Hata ungetembea usingesogea," daktari alimwambia, na Twiga akageuza uso ukutani.

Siku waliyomruhusu kusimama, alivaa buti, akashika magongo, akaingia ushorobani jasho likimtiririka. Kila alipokanyaga alifumba macho, akingoja mfupa umsaliti. Haukumsaliti. Mkewe alitembea kando yake hatua kwa hatua, naye hakuutazama mguu hata kidogo. Alikuwa anatazama kifua cha mumewe kikipanda na kushuka.