Likizo ya Kiyohiko

Asubuhi ya siku ya kuwaaga wafu, Mama Fumi alisimama mbele ya madhabahu ya nyumbani akilibonyeza tango kwa kidole. Lilikuwa limelegea. Alikuwa amelichomekea vijiti vya miguu liwe farasi, kama nyumba zote za mji wa Tsuruoka zifanyavyo kila Agosti, ili marehemu apande aje mbio kukaa na watu wake siku chache. Farasi wa marehemu mumewe alikuwa ameshafanya kazi yake. Mzee alifika tangu siku ya kwanza, akavua viatu mlangoni, akakaa kibarazani na bakuli la maharage mabichi ya kuchemsha, akilalamika kwamba mwaka huu chumvi imepungua. Farasi wa Kiyohiko, mwana wao, hakumleta mtu. Wala hajawahi kumleta tangu kijana huyo afariki.

“Kwani huko hamwonani?” Mama Fumi alimuuliza mumewe, kama alivyomuuliza kila mwaka.

“Sijamtia machoni,” mzee alisema, akiweka ganda pembeni.

“Mwakani mimi nitakuwa upande wenu. Nani atamtengenezea farasi?”

Mzee aliinamia bakuli lake, maana aliyosema yalikuwa kweli. Daktari alikuwa amemwambia Yasue, binti yao, asipange na mama yake jambo lolote la mwakani. Mama mwenyewe hakuomba kuongezewa siku. Alichotaka ni kumwona mwanawe akila wali wa nyumbani, basi.

Yasue ndiye aliyeupata mtambo wa Kiyohiko wa kuchezea michezo ya runinga, akitafuta taa za karatasi kabatini. Ulikuwa mwekundu na mweupe, na kaseti moja bado imechomekwa: Mpita Milima, mchezo wa mtu mwenye kofia ya majani anayeruka mashimo. Nyuma ya kaseti Kiyohiko alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu nene, kama watoto wote wa wakati ule, ili ikiazimwa irudi. Yasue akaipuliza vumbi, akauunganisha mtambo na runinga kuukuu ya sebuleni. Mama alipoona hivyo akairudisha stoo mashine ya kufagilia, akachukua ufagio wa mkono. Zamani mashine hiyo ilikuwa ikigonga mtambo na kufuta mchezo wa siku nzima, na Kiyohiko alikuwa akilia mpaka homa inampanda.

Kila mtu huanza mchezo ule kwa kwenda kulia. Yasue alikumbuka kwamba mdogo wake alikuwa na tabia ya kwenda kushoto kwanza, akajaribu. Msitu ukaisha, ikatokea ofisi. Kiyohiko alikuwa ameketi mezani, wa nukta nukta kama michoro yote ya mchezo ule, amevaa tai, na chini ya meza limetandikwa boksi la kulalia.

Meza yenyewe ndiyo ile aliyokuwa akiifanyia kazi alipofariki Tokyo, katika kampuni ya kutengeneza michezo. Kampuni ilisema ni moyo, ikasema pia alikuwa akitoka saa kumi na mbili jioni kila siku, kadi za kugongea saa za kuingia na kutoka ni shahidi. Kadi zilikuwa zikigongwa saa kumi na mbili kweli. Wote walishuka, wakagonga, kisha wakapanda tena kufanya kazi mpaka alfajiri, na aliyekwenda kwake aliambiwa haipendi kazi. Familia ililalamika serikalini, ikajibiwa kwamba kadi haisemi uongo.

Yasue hakushangaa. Alikasirika. Mkono wa pili wa kubonyezea mtambo ule una kipaza sauti kidogo, akausogeza mdomoni.

“Kiyohiko, ni mimi. Leo ndiyo siku ya mwisho. Twende nyumbani, Mama anakungoja.”

Maneno yalijitokeza sehemu ya chini ya kioo kwa herufi rahisi wanazoanza nazo watoto, maana mashine ile haikuwa na nafasi ya kuhifadhi zile ngumu za watu wazima. “Dada. Ngoja nimalizie hiki.”

“Kumbe yuko kazini,” baba yao alisema kutoka kibarazani. “Ndiyo maana.”

Yasue hakumngoja. Alibonyeza, na Kiyohiko akainuka, kwa kuwa aliyebonyezwa lazima aende. Pembeni juu, mahali pa kuhesabia roho zilizobaki, paliandikwa sufuri, kwa hiyo shimo moja tu lingetosha kummaliza. Yasue aliruka naye mashimo, popo na mawe ya kusagia yanayobingirika. Mama aliketi nyuma yake na bakuli la wali mapajani. Walikwenda hivyo mchana kutwa. Mwishowe ukatokea mti wa matunda wa uani kwao, kisha mlango wao, na Kiyohiko akanyoosha mkono kwenye kitasa.

Hapo ndipo Bwana Murase alipobisha hodi. Alikuwa mkuu wa Kiyohiko kazini, sasa mstaafu mwenye mvi, na kila mwaka siku hiyo alikuja na boksi la halua ya maharage. Akawasha ubani, akainama mbele ya picha ya marehemu.

“Hebu tazama hapa, Bwana Murase,” Yasue alisema. “Huyu nani?”

Murase alivaa miwani. “Ndiye. Amekonda.” Kisha akamgeukia Mama kwa upole. “Alikuwa akitoka saa kumi na mbili kamili, mama. Kadi zipo.”

Akauokota ule mkono wa pili kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi.

“Kiyohiko, pole na kazi. Ile sehemu ya nne ya mchezo bado inakwama. Naomba uiangalie kidogo kabla hujaondoka.”

Kiyohiko akakiachia kitasa. Akainama kwa heshima. Yasue alibonyeza kulia mpaka ukucha ukamuuma, lakini yeye alikwenda kushoto, akiyaruka mashimo yote bila kubonyezwa na mtu. Chini pakaandikwa: “Samahani, Mama. Hiki tu.”

Mama Fumi aliuweka wali chini. Akamshukuru Bwana Murase kwa halua, akamwandalia chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Mgeni alipoondoka wakawasha moto wa kuagia mapema, maana mzee hakupenda kusafiri gizani. Alipanda ng'ombe wake, biringanya lililochomekewa vijiti ili wafu warudi nalo polepole, akasema mwakani waongeze chumvi. Biringanya la Kiyohiko Mama alilichomoa miguu, akalikatakata, akalikaanga.

“Halitakaa mpaka mwakani,” alisema.

Yasue aliuliza kama azime mtambo. Mama akamwambia auache, Kiyohiko asije akapoteza kazi yake yote. Wakala wakiitazama runinga. Ilipotimia saa kumi na mbili kamili, Kiyohiko aliinuka, akagonga kadi yake mlangoni mwa ofisi, akarudi akaketi mezani.