Mawingu Chini ya Udongo

Nilikuwa nimeanguka mtihani wa joto la hewa mara mbili, na chuo chetu hakitoi nafasi ya nne. Jumatatu ilikuwa ya tatu. Nikishindwa, basi, nirudi shule ya Gihundwe kufundisha watoto wa darasa la tatu mpaka nizeeke.

Kazi yenyewe inaelezeka upesi. Unachukua donge la hewa, unalipandisha kwenye mchoro wenye mistari ya mwinuko, linapoa lenyewe bila kumwomba jirani joto wala kumgawia, mpaka unyevu wake ugeuke wingu. Useme wingu linaanzia wapi. Nimelipandisha donge hilo hadi ndotoni, na kila mara Profesa Kalisa aliandika kwa wino mwekundu: haiwezekani. Haelezi. Watu wa aina yake wanadhani kueleza kunapunguza elimu.

Jumamosi nilikaa na mchoro mezani, macho yakiniwasha. Shangazi Mwavita, dada wa marehemu baba, alikuwa amepanda kutoka Uvira kunipikia ili nisome. Adhuhuri akapakua maharagi. Yaligonga sahani kama kokoto.

"Shangazi, hii haijaiva."

"Haijaiva namna gani? Nimeipika saa zilezile za kwetu, na maji ilikuwa inachemka vizuri! Makala yenu ya jikoni ndiyo mubaya."

"Huku juu inakawiaka. Hewa ni nyepesi, maji inachemka bila kupata moto ya kutosha. Uvira ni chini, kule..."

Nikauvuta mchoro, punje ingali mdomoni.

Kitabu chetu cha somo hili, cha Kifaransa, kimeandikwa na watu wa pwani ya Ulaya. Mifano yake yote inaanzia mstari wa chini kabisa, usawa wa bahari. Nami, mtoto wa milimani, nilianzia hapohapo, wakati Kamembe, mji wetu huu, iko mistari kadhaa juu. Nilikuwa nimepika Kamembe kwa saa za bahari. Wingu langu lilikuwa linaota ndani ya udongo, na humo amelala baba. Nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Shangazi akaondoa sahani, amenuna, akidhani nacheka upishi wake.

Jumatatu Profesa alinisimamisha ubaoni; donge langu nikalianzisha kwenye mstari wa Kamembe.

"Mbona hukuanzia chini?"

"Chini ya hapo ni udongo, Profesa. Hakuna hewa, kuna marehemu."

Alifuata mstari wangu kwa kidole mpaka kwenye wingu. Akasema nimepita, akaita mwingine.

Nilifika nyumbani miguu ikiniuma. Shangazi alikuwa anafunga mzigo wake.

"Nimepita, Shangazi."

"Alhamdulillahi! Ni dua yangu ile."

"Na maharagi yako."

"Ata leo unanicheka? Narudi kwetu."

Nilikuwa nimechoka mno kueleza. Nikaketi juu ya mzigo ili asiende, nikalia; kilio cha miaka miwili. Akaniuliza kama nimekula kitu tangu asubuhi. Sikuwa nimekula.

Akaenda kuwasha makaa, akabandika sufuria, akaja kukaa kando yangu.

"Sasa nielezee," alisema. "Si umesema huku inakawiaka?"