Chui Aliyeokoka

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa kwenye pikapu. Godoro, jiko la gesi, mabeseni na begi la nguo za Mumbua, vyote vimefungwa kamba na kufunikwa turubai. Kahiga alisema wangoje jua lipoe ndipo washike njia ya Kathonzweni, kwenye shamba lake jipya, ambako alikuwa amemjengea nyumba. Nyumba nzuri, alisema. Jirani wa karibu huwezi hata kusikia mbwa wake.

Mumbua alikuwa ameitikia. Tangu aache shule kwao Migwani akiwa darasa la sita, alikuwa mtu wa kuitikia kwanza na kufikiri baadaye. Lakini siku hiyo, tangu asubuhi, swali moja halikumtoka. Aende, au asiende?

Mama Kaveke wa nyumba ya pili ndiye aliyemtia swali hilo. Walikutana bombani asubuhi, na yule mama akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya salamu.

"Kwa hiyo leo ndiyo leo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Hata Sandra aliondoka na gari hilo hilo. Tulimwambia atusalimie akifika." Akainua mtungi wake, akaongeza bila kumtazama, "Mpaka leo hajatusalimia."

Sandra ndiye aliyekaa na Kahiga kabla ya Mumbua. Kahiga alisema alirudi kwao.

"Kuja hapa, mami," Kahiga akamwita sasa kutoka sebuleni. Chumba kilikuwa kitupu, kimebaki kreti mbili za soda na kompyuta yake ndogo juu ya moja. "Nimekuletea kitu chako. Nimekizungukia Sultan Hamud yote, duka kwa duka, mpaka nikakipata."

Kwenye kioo palitokea ndege mdogo wa madoa, shingo nyembamba, macho makubwa. Mumbua akashika mdomo.

"Kanga wangu!"

"Si ulisema hujawahi kupenda sinema nyingine? Sasa kaa unionyeshe."

Alikuwa hivyo Kahiga. Jambo dogo ulilolisema ukiosha vyombo, yeye hulihifadhi, na siku moja hukuletea. Mumbua akakaa karibu naye kwenye sakafu, na kwa muda ule akalisahau lile swali.

Katuni hiyo aliijua uwanjani mwa kanisa, Migwani. Kila likizo ya Agosti wahubiri walikuja na jenereta na shuka jeupe, wakalitundika kati ya nguzo mbili. Kwanza sinema ya wokovu kwa wazazi, halafu katuni kwa watoto. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Muli, mkalimani wa kanisa, alishika kipaza sauti na kuigeuza kwa Kikamba, kama alivyogeuza mahubiri ya wageni kila Jumapili. Ilikuwa hadithi ya kanga aliyeachwa na kundi lake wakati wa ukame, akakaribishwa na chui pangoni.

Watoto wa Migwani hawakuwahi kuona mwisho wake. Kila mara, kanga akiwa bado pangoni, mhubiri alizima jenereta ili aite watu watubu mioyo ikiwa bado laini. Muli ndiye aliyemaliza kwa mdomo, gizani. Alisema chui alilia. Chui aliokoka, akakaa na kanga kwa amani. Sasa wewe mtoto, ni nani atakayeinua mkono?

Mumbua aliinua mkono kila mwaka. Wala hakuwahi kudhani kwamba mwisho ule ulitoka kwa Muli. Alikua nao kama mtu anavyokua na jina lake. Ndio uliomshikilia kwa Kahiga. Kahiga aliposema mafundi wa cherehani wenzake Mumbua wana midomo, Mumbua akaacha kazi. Alipombadilishia laini ya simu ili watu wa kwao wasimsumbue, akanyamaza. Dada yake Kanyiva alipokuja kumtembelea, akarudishwa getini kwa maneno matamu, Mumbua alilia chooni, akaomba, akajiambia kwamba hata chui alilia mwishowe.

"Huyu ni wewe kabisa," Kahiga alisema akicheka. "Ona anavyotembea. Kama umeagizwa chumvi ukasahau umeagizwa nini."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi ndiye mwenye pango."

Wakacheka wote wawili. Kwenye kioo, chui alikuwa akimletea kanga mbegu na maji. Kila jioni alimwomba unyoya mmoja tu, wa kutandikia kitanda chao. Mumbua hakukumbuka kwamba manyoya yaliyoombwa yalikuwa mengi hivyo. Mabawa ya kanga yalikuwa yamebaki vijiti.

"Masikini," akasema.

"Masikini wa nini? Si anashiba? Mabawa ya nini mtu akiwa kwake?"

Kahiga hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anatazama kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

Ikafika pale. Mumbua alipajua kwa mwanga, kwa kivuli cha jiwe, kwa jinsi kanga alivyogeuza shingo. Hapo ndipo jenereta ilikuwa ikizimwa. Akamgusa Kahiga goti.

"Sasa ndio atalia. Tazama."

Chui hakulia. Kanga aliingia ndani zaidi ya pango akitafuta maji, akakuta rundo la manyoya. Hayakuwa yake. Mengine meupe, mengine ya kahawia, mengine yamezeeka yamekuwa vumbi. Akageuka. Chui alikuwa amesimama mlangoni, mwanga wote nyuma yake, akisema jambo kwa sauti ile ile nzuri.

Kiingereza kilimpita Mumbua. "Amesema nini?"

"Anasema hata hao aliwapenda."

"Halafu?"

"Anasema walitaka kuondoka, na huko nje kuna fisi. Anasema yeye hajakosa kitu. Mtu hawezi kulisha kiumbe, akivike, halafu kiende tu hivi hivi." Kahiga aliongea polepole, laini, macho kwenye kioo. "Anasema asijisumbue kuita. Hakuna atakayesikia."

Mumbua alimtazama chui. Mdomo wa chui ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa kitambo, na Kahiga alikuwa bado anatafsiri.

Akageuka, akamtazama Kahiga. Huyu hakuwa akingoja kuokoka. Hakuna aliyemwahidi hilo ila Muli, na Muli alikuwa akijaza giza tu.

"Kahiga," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Sandra yuko wapi?"

Kahiga akaifunika kompyuta taratibu. "Jua limepoa. Vaa viatu."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimesema vaa viatu."

"Mimi siendi."

Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Kahiga naye alishangaa, kisha akatabasamu, akaenda mlangoni, akageuza ufunguo na kuutia mfukoni. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama anayefunga ili kuku wasiingie.

"Nani amekujaza maneno? Ni yule mama?"

Maisha yake yote Mumbua hakuwahi kupaza sauti. Hata kanisani aliimba midomo ikitembea tu. Sasa alisogea dirishani, akashika vyuma, akapiga nduru. Ilitoka mbaya, imepasuka katikati, lakini ilitoka.

Kule ng'ambo ya ua sufuria ikaanguka. "Nani huyo? Mumbua?" Mama Kaveke akaita.

Kahiga alikuwa tayari nyuma yake, mkono begani mwake, mzito, wa joto. "Ni sinema, mama!" akaita kwa uchangamfu. "Tunaangalia sinema!"

Sufuria ikaokotwa taratibu, na jirani anayetaka kuamini.

"Si sinema, mama," Mumbua alisema. Vidole vikazama begani. "Ni mimi. Kujeni!"

Mama Kaveke hakuja peke yake. Alipiga kelele njia nzima, akawatoa wanawake waliokuwa wakisukana vibarazani, na walipofika mlangoni Kahiga aliwafungulia mwenyewe, mpole, akawaambia karibuni, ni ugomvi wa nyumbani tu. Mumbua akapita katikati yao bila viatu. Nguo zake zote zilibaki chini ya turubai.

"Pumzika," Kahiga alimwambia kutoka mlangoni, mbele ya wote. "Nitakungoja."

Mama Kaveke alimkalisha jikoni mwake pamoja na wale wanawake, akafunga mlango kwa komeo na kuusukumia meza. Baada ya kitambo wakasikia injini ya pikapu ikiwashwa. Wanawake wakainua vichwa wote pamoja, wakingoja kuisikia ikiondoka kuelekea barabarani.

Iliendelea kunguruma pale pale.