Katoni Mbele ya Rejeta

Twaha alikuwa fundi wa kujisikia. Gari likikohoa tu barabarani hapo Gitega, yeye ameshakwambia linaumwa wapi, na ole wako umbishie.

Siku ya kwenda Muyinga kumposea mwanawe Husni, basi lake dogo kuukuu lilichemka kwenye mlima wa Gasorwe, na kina mama wa posa wamo ndani na kanga zao mpya. Mvuke ukafuka mbele. Twaha alishuka amefura.

"Venansi! Mi nilikuambia uangalie maji! Sasa unanipatisha haya kwa wakwe. We iko mutu ya namna gani?"

"Maji nilijaza mwenyewe, mzee, kabla hatujatoka," akajibu dereva wake. Venansi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na kupaza sauti hakukuzoea.

"Usinijibu! Tukirudi Gitega, utafute kazi ingine."

Kina mama wakainamisha vichwa. Injini ilipopoa, Twaha alikunja mikono ya kanzu akaanza kupekua. Maji yalikuwemo, yamepungua kidogo tu. Mkanda wa feni umekaza. Akaamuru liwashwe: feni inazunguka. Akagusa mpira wa maji wa juu, moto. Wa chini, moto vilevile. Basi maji yanapita kwenye rejeta lakini hayapoi. Kinachokosekana ni hewa.

Hapo akakumbuka. Alfajiri ile ya Julai, baridi ilikuwa kali, na injini ilichelewa kupata joto. Ni yeye, kwa mkono wake, aliyechomeka katoni ya sabuni mbele ya rejeta, kama madereva wengi wa Gitega wafanyavyo msimu wa baridi. Halafu akaingia ndani kujipaka manukato, akaisahau.

Alipoinua macho, Venansi alikuwa ameshaichomoa. Anaikunja taratibu, anaisukuma chini ya kiti.

Wakati huohuo gari la Mzee Amissi, baba wa binti, likasimama mbele yao. Alikuja kuwapokea. "Kuna nini, ndugu yangu?"

Twaha akaanza kukunjua mikono ya kanzu.

"Kosa langu, mzee," Venansi akasema. "Sikuangalia maji."

Aibu ilimpanda Twaha mpaka masikio yakawaka. Akakohoa. "Bon, si kitu," akasema. "Ni mambo ya barabara."

Huko Muyinga, chai ilipokwisha kunywewa, Mzee Amissi alitoa jibu mbele ya wote.

"Mi sikuangalia mahari, niliangalia mutu. Dereva wake amemuharibia safari, na huyu baba hakumufokea hata kidogo. Swabra wetu atakaa salama kwa watu kama hawa. Tumekubali."

Kina mama waliotoka Gitega wakapiga vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Twaha. Nje, Venansi alikuwa amekaa peke yake kando ya basi, bado hajui kama kesho ana kazi. Dua ikasomwa. Twaha aliitikia amina pamoja na wengine, macho yake mkekani.