Soksi za Kipa Casimir

Ilikuwa mwaka 2002, majira ya kiangazi. Kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga njia, mashabiki wa miji ya Baraka na Kazimia, kandokando ya ziwa, walibishana kuhusu timu yao kwa simu ya upepo. Mwalimu Déogratias aliking'ang'ania kitufe cha kuongelea, mtu mwingine asipate zamu.

"Kipa wetu Casimir hawezi kudaka hata samaki wa kukaangwa! Akidaka penalti Jumapili, nitamfulia soksi ziwani. Terminé!" alimalizia, yaani zamu yake imekwisha.

Alipokiachia, Kazimia ikajibu: "Mwalimu wee, ni mimi Mama Casimir. Pwani yote imekusikia. Terminé!"

Jumapili, kwa kuogopa kicheko cha wanafunzi wake, Déogratias aliiombea timu yake ifungwe. Casimir akaudaka mpira wa penalti kwa tumbo.

Kesho yake Mwalimu aliinama ziwani, pua ameigeuzia kando, akazisugua soksi darasa zima likimtazama.